Bustani ya nyumbani: Tupande kwa kalenda, si kwa furaha ya mvua ya kwanza



Shule zimefunguliwa, na mvua imeanza tena kugonga mabati yetu usiku. Mama akisikia sauti hiyo ya kwanza baada ya vumbi la Juni, Julai na Agosti, moyo wake unaruka. Asubuhi anachukua jembe. Anatafuta sashe ya mbegu aliyoificha kabatini. Kufika saa tano, mbegu zote ziko chini na mama ameshika kiuno, anatazama kazi yake na kutabasamu.

Mama huyo alikuwa mimi, mwaka jana.

Wiki hii naomba niwaeleze kosa langu, kwa sababu nimepita katika parseli nyingi za wanachama wenzetu na nimeona kwamba kosa hilo si langu peke yangu. Sisi hatukosi bidii wala mbegu. Tunachokosa ni kalenda.

Siku ile nilipanda lengalenga sashe nzima. Nikapanda na vitunguu, nikaatika miche yote ya nyanya niliyonunua sokoni Kadutu. Wiki ya nne lengalenga ilijaa hata nikakosa pa kukanyaga. Tulikula Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka watoto wakaanza kulalamika. Nikagawia majirani. Nikampa na mama mmoja anayeuza mboga kwenye meza pale njiani, bure kabisa. Mboga iliyobaki ikapandisha maua, majani yakawa magumu, nikaing'oa na kuitupa.

Wiki ya saba bustani ilikuwa udongo mtupu. Na wiki hiyo hiyo mshahara ulichelewa. Unga wa bugali tulikuwa nao, cha kutelemshia hatukuwa nacho. Nikamtuma mtoto wangu mkubwa kwa yule mama wa mezani, akachukua kifungu kimoja cha lengalenga kwa deni. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimempa mkono mzima bure.

Nina jirani, mama mzee, naye namwita Bibi kama watoto wangu wanavyomwita. Nilimweleza, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa. Akaniambia: «Mwalimu, kama mama angezaa watoto wake wote siku moja, angewanyonyesha namna gani?»

Kuanzia hapo nilijifunza upya. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mimea ya bustani ina umri mbalimbali

Mbele ya kupanda, ujue kila mmea utakupa chakula lini na kwa muda gani. Mimi naigawa katika makundi manne, kama madarasa.

Kundi la kwanza ni mboga za haraka. Hapa mkubwa ni lengalenga. Mbegu yake ni ndogo kama mchanga, inaota ndani ya wiki moja, na huku kwetu Bukavu, ambako tuko karibu mita 1500 juu na baridi ya asubuhi tunaijua, unaweza kuanza kukata baada ya wiki 4 au 5. Kosa tunalofanya ni kuing'oa na mizizi. Lengalenga usiing'oe, ikate. Acha shina la urefu wa kiganja chako, lenye majani machache chini. Litachipuka kutoka pembeni, na baada ya wiki mbili utakata tena. Mmea mmoja unaweza kukupa mara tatu mbele haujachoka.

Kundi la pili ni mimea ya kudumu, ambayo ukiipanda mara moja inakutunza muda mrefu. Hapa kuna matembele, vitunguu vya majani, pilipili, mchaichai, na maboga ambayo majani yake machanga tunayala. Matembele hayahitaji mbegu hata moja. Unaomba kwa jirani kamba zenye urefu wa sentimita 30, unafukia nusu yake katika udongo wenye unyevu, na ndani ya siku chache zimeshika mizizi. Pilipili moja iliyotunzwa vizuri inaweza kukaa mlangoni kwako zaidi ya mwaka. Hii ndiyo mimea inayomwokoa mama siku ambayo kundi la kwanza limekwisha.

Kundi la tatu ni mimea ya kungoja: nyanya, bilingani, puaro, maharagi. Hii inadai subira ya miezi mitatu au zaidi, kutoka mbegu mpaka chunguni. Nyanya inaanza katika kitalu, ile tunayoita pepinyeri, na inakaa huko wiki 4 hadi 6 mbele ya kuhamishwa. Mama akitegemea kundi hili peke yake, atalala na njaa huku anatazama maua.

Kundi la nne ni mimea ya miaka: avoka, papai, marakuja, na muhogo wa kuchuma sombe. Muhogo kwetu milimani unakua polepole kuliko kule bondeni Ruzizi, lakini hata miche mitano au sita kwenye mpaka wa parseli inasaidia. Chuma majani machache kwa kila mti, yale machanga ya juu, usiunyoe. Ukiuacha mti uchi kila wiki, mizizi yake haitanenepa, utapoteza sombe na muhogo pamoja. Na ukiomba vijiti vya kupanda kwa mtu, tazama mti unaotoka. Ukiona majani yamejikunja na yana madoadoa ya njano, huo ni ugonjwa wa mozaiki. Shukuru kwa heshima, uende kuomba mahali pengine, kwa kuwa ugonjwa huo unasafiri ndani ya kijiti.

Bustani inayolisha nyumba ina makundi yote manne. Yangu ya mwaka jana ilikuwa na la kwanza na la tatu tu.

Kalenda yenyewe

Chukua tuta moja la lengalenga, tuseme mita 3 kwa mita 1. Ligawe katika vipande vitatu kwa vijiti.

Wiki hii unapanda kipande cha kwanza. Viwili vingine unaviacha, hata kama mkono unakuwasha. Baada ya wiki mbili unapanda cha pili. Baada ya wiki mbili nyingine unapanda cha tatu, na hapo kipande cha kwanza kinakaribia kukatwa. Tangu siku hiyo, karibu kila wiki utakuwa na kipande cha kukata. Kipande kikishakatwa mara tatu, unakiondoa, unatia mbolea, unakipumzisha wiki moja, unapanda upya. Mbegu ya sashe moja inaweza kukufikisha mbali sana, mradi uichanganye na mchanga mkavu mara tano au sita ya wingi wake, uimwage katika mistari, na uifunike kwa udongo mwembamba tu. Ukiizika chini haitoki.

Sitawadanganya: tuta la namna hii halitalisha watu saba kila siku. Nyumbani kwangu linatutoa mara moja kwa wiki, na matembele yanatutoa mara nyingine. Siku hizo mbili ninarudi kutoka shuleni bila kupitia sokoni. Pesa ya siku hizo naitia katika mkebe kwa ajili ya likelemba. Kwa mama anayehesabu kila franka, siku mbili ni kitu.

Andika tarehe. Mimi natumia daftari la zamani la mtoto, kurasa zilizobaki nyuma. Asiyependa kuandika achukue kijiti, akichome ubavuni mwa tuta, akifunge kitambaa kila wiki inayopita. Bibi yangu hajasoma shule, lakini kalenda yake ya vitambaa haikosei.

Parseli yetu inateremka

Mtu anayefundisha bustani kwa kitabu cha tambarare anatupoteza sisi watu wa Bukavu. Parseli zetu za Kadutu, za Bagira na za Panzi zinaning'inia. Mvua kubwa ya dakika 30 inaweza kuchukua mbegu, mbolea na udongo wa juu, ikaviacha kwenye mfereji au katika nyumba ya jirani wa chini. Kisha jirani anapanda juu kugombana, na ana haki.

Kwa hiyo, mbele ya mbegu, tengeneza ngazi. Matuta yakatize mteremko, yasiufuate. Kujua kama tuta liko sawa, weka ubao mnyoofu juu yake, laza juu ya ubao chupa ya plastiki yenye maji nusu, utazame. Maji yakikimbilia upande mmoja, tuta lako linainama, na mvua itapita hapo. Watoto wa mwaka wa nne wanaweza kukufanyia kazi hiyo, na ni somo zuri.

Kwenye ukingo wa kila ngazi panda kitu chenye mizizi mingi. Mimi nimepanda mchaichai. Unashika udongo, tunauchemsha kwa chai, na ukizidi naugawa mafungu na kuwapa wenzangu. Matete nayo yanashika vizuri, lakini yanataka nafasi na yanakula chakula cha mboga, basi uyaweke mpakani tu. Chini ya ngazi chimba shimo dogo la kupokea maji yanayozidi, na udongo utakaotulia humo uurudishe juu kwa ndoo. Udongo huo ni wako, usiuache uende ziwani.

Kisha funika. Majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, maganda ya maharagi, vyote vinafaa. Tuta lililofunikwa halipigwi na matone ya mvua, na wakati mvua inapokatika siku kumi katikati ya msimu halikauki haraka.

Mama mpangaji asikate tamaa

Mwanachama mmoja aliniuliza baada ya mkutano: «Mwalimu, mimi ni mpangaji. Mwaka uliopita nililima nyuma ya nyumba, mboga zikapendeza, mwenye nyumba akasema sasa eneo hilo analitaka. Nifanye nini?»

Dada yangu, kwanza pole. Maneno ya namna hiyo nayasikia mara nyingi. Kabla ya kupiga jembe katika kiwanja cha mtu, zungumza naye mbele ya shahidi, hata kama ni mke wake au mzee wa avenyu, mkubaliane muda. Pili, panda katika vitu ambavyo utaondoka navyo.

Gunia la kilo 50 linatosha. Lioshe kwanza, na usitumie kamwe gunia lililobeba dawa za wadudu. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mbolea iliyooza. Simamisha katikati mkebe mkubwa uliotolewa matako pande zote mbili, ujaze mawe madogo ndani yake, uzungushe udongo nje yake. Kisha uvute mkebe juu kidogo, ujaze tena mawe na udongo, hivyo hivyo mpaka juu. Ule mwamba wa mawe katikati ndio njia ya maji kufika chini. Toboa gunia ubavuni, matundu yapishane, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na katika kila tundu ingiza mche wa lengalenga au kamba fupi ya matembele. Juu weka vitunguu vya majani au mche mmoja wa pilipili.

Lakini ujue: gunia likijaa, mtu mmoja halibebi. Liweke kabisa mahali litakapokaa, penye jua la nusu siku walau. Kama unajua kwamba unaweza kuhama wakati wowote, jaza gunia nusu tu, au tumia bidoni ya lita 20 iliyokatwa na kutobolewa chini. Hizo zinapanda juu ya kitoroli siku ya kuhama, pamoja na vyungu.

Mbolea, maji na wadudu

Mbolea nzuri iko nyumbani kwetu. Wengi wetu tunafuga kobayi jikoni, wengine sungura au kuku. Kinyesi chao ni mali. Ila kisitiwe kikiwa kibichi, hasa cha kuku, kwa sababu kinaunguza mizizi. Kirundike kivulini pamoja na maganda ya ndizi, majani na takataka za jikoni zinazooza, ukifunike, ukigeuze mara moja kwa wiki mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu kitakuwa cheusi, kitanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Hapo kiko tayari. Plastiki, vioo na betri za redio zisiingie humo hata kidogo.

Majivu ya kuni yanasaidia pia, kidogo kidogo, na yanawachukiza konokono yakiwa makavu. Usirundike majivu kwenye miche michanga, na usitumie majivu ya mahali ulipochomea plastiki.

Maji: mwagia asubuhi mapema, kwenye udongo karibu na shina, si juu ya majani. Hili ni muhimu zaidi kwa nyanya. Huku kwetu mvua na baridi vinaleta mildiu, ule ugonjwa unaofanya majani kuwa na mabaka ya kahawia na nyanya kuoza ikiwa bado mbichi mtini. Ugonjwa huo huo unashika viazi. Kwa hiyo nyanya isikae karibu na viazi, wala isipandwe pale vilipokuwa viazi, bilingani au pilipili msimu uliopita. Ifunge kwenye kijiti, uondoe matawi madogo yanayochipuka kwenye kwapa, majani ya chini yasiguse udongo. Mmea ulioshikwa uung'oe, uupeleke mbali na bustani, usiutupe katika rundo la mbolea.

Wiki ambazo mvua inakatika na bidoni la maji ni la kulipia, tumia maji ya kuosha mchele na mboga. Maji ya mfereji wa njiani usiyatumie. Tunajua yanapitia wapi, na kipindupindu tunakijua. Hata mboga ya bustani yako mwenyewe ioshe kwa maji safi, na ile inayoliwa mbichi, kama nyanya na kitunguu, iongezee uangalifu.

Wadudu: kila asubuhi geuza majani, utazame chini yake. Viwavi waokote kwa mkono, uwape kuku. Chawa wa mimea wanaokusanyika kwenye machipukizi wanyunyizie maji ya sabuni ya kipande, kijiko kidogo cha sabuni iliyoyeyuka katika lita moja ya maji, jioni, kisha suuza asubuhi. Kuku wa jirani wazuie kwa matawi yenye miiba, si kwa mawe na matusi.

Na hapa nasema kwa sauti ya darasani. Sokoni kunauzwa dawa za wadudu katika vichupa vidogo visivyo na karatasi ya maelezo. Usinunue. Hujui ni dawa gani, hujui kipimo chake, hujui baada ya siku ngapi mboga inaweza kuliwa. Lengalenga tunaikata kila wiki mbili, sumu hiyo itafika kwenye sahani ya mtoto. Na chupa yake tupu ikibaki nyumbani, mtoto atanywea maji. Bora tuta zima liliwe na viwavi.

Kutoka bustanini mpaka chunguni

Mboga za majani ya kijani kibichi kilichokolea, kama lengalenga, matembele na sombe, zina vitamini A kwa ajili ya macho na nguvu ya kupigana na magonjwa, na zina madini ya chuma kwa ajili ya damu. Mama mwenye mimba na mtoto aliyeanza kula wanazihitaji zaidi kuliko mgeni wa Jumapili. Vitamini hiyo inaingia mwilini ikiwa kuna mafuta kidogo, na mawese yenyewe mekundu nayo yanayo. Ukikamua ndimu au ukitia nyanya, mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi. Lengalenga na matembele visipikwe mpaka vikawa uji, dakika chache zinatosha.

Sombe ni mambo mengine. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu. Yatwangwe vizuri, yachemshwe muda mrefu, na mwanzoni chungu kiwe wazi ili mvuke wake utoke. Wakati makala yamepanda bei tunashawishika kuharakisha. Kwenye sombe, tusiharakishe.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii

Mwalimu haachi darasa bila kazi. Ni tatu tu.

Ya kwanza: tembea katika parseli yako, au ukumbi wako kama ni mpangaji, uhesabu una mimea ya makundi mangapi kati ya yale manne. Kundi linalokosekana ndilo uanze nalo. Si lazima ununue. Katika mkutano wa Jumamosi, baada ya salongo, kila mtu alete kitu kimoja cha kugawa: kamba za matembele, mzizi wa mchaichai, mbegu ya boga iliyokaushwa. Asiye na kitu aje vilevile, ataondoka na kitu.

Ya pili: panda kipande kimoja tu cha lengalenga. Kimoja. Andika tarehe au funga kitambaa.

Ya tatu: mpe kila mtoto wako mmea mmoja wa kutunza, wenye jina lake. Wangu wa mwisho ana miaka sita na pilipili moja. Kila asubuhi anaihesabia majani mbele ya kuvaa uniforme, na sijawahi kumlazimisha kuhesabu.

Juma lililopita nilimkuta Bibi ameinama juu ya tuta lake. Nilimwonyesha sashe yangu ya mwaka huu, ambayo bado imejaa zaidi ya nusu. Akaipima mkononi, akanirudishia, akasema: «Sasa umekuwa mama wa bustani.» Kisha akaniomba kijiko kimoja cha mbegu, kwa kuwa kipande chake cha tatu kilikuwa kinangoja.

Tukutane wiki ijayo. Tutazungumza juu ya kitalu cha nyanya na puaro, na namna ya kutoa mbegu zetu wenyewe badala ya kununua kila msimu. Wenye maswali wayalete kwa mama katibu wa kikundi chao, nitayajibu hapa hapa.

Mvua njema kwenu nyote.